Amri ya serikali ikifika kwenye seva: kampuni ina nafasi gani ya kumlinda mtumiaji?

Mdadisi_Data

Wakuu, naomba mjadala wenye vipimo. Kila kampuni ya teknolojia imeandika mahali fulani kwamba faragha ya mtumiaji ni haki. Serikali nazo zina sheria za kudai data, na mara nyingi dai linakuja na katazo juu yake: usimwambie mhusika. Tuchukue kampuni ya wahandisi wachache wanaojenga programu ya kutumiana ujumbe. Siku amri ya mahakama inapowafikia, wana uwezo gani hasa?

Wapo wanaosema sheria ikiwa mbaya, hakuna msimbo utakaomwokoa mtu. Wengine wanalaumu utamaduni wa tasnia yenyewe, wa kukusanya kila kinachokusanyika. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaojua pande zote mbili. Na mnaoshika seva: nini kifutwe, baada ya muda gani, na ni wapi watu hujidanganya kwamba wamefuta kumbe bado kipo?

fundi_seva

Mkuu, linganisha kesi mbili.

Mwaka 2013 huduma ya barua pepe ya Lavabit, yenye watumiaji wapatao 410,000, iliamriwa na mahakama ya Marekani kutoa ufunguo binafsi wa TLS wa seva yake, yaani ufunguo wa siri unaolinda mawasiliano kati ya watumiaji na seva. Serikali ilikuwa inamfuatilia mtumiaji mmoja. Barua zilihifadhiwa zikiwa zimesimbwa, yaani zimefungwa zisisomeke bila ufunguo, ila zilipita kwenye seva zikiwa wazi, na nenosiri la mtumiaji nalo lilipita hapohapo. Aliyeshika ule ufunguo alikuwa na njia ya kuwafikia wote. Mwenye huduma, Ladar Levison, aliupeleka ukiwa umechapwa kwenye kurasa 11 kwa herufi za pointi 4. Mahakama ikamtoza dola 5,000 kwa siku mpaka autoe kwa njia ya kielektroniki. Akautoa, na tarehe 8 Agosti 2013 akafunga huduma.

Mwaka 2016 Signal, programu ya kutumiana ujumbe, nao waliletewa amri kutoka mahakama ya shirikisho huko Virginia, ikiuliza kuhusu namba mbili za simu. Moja haikuwa na akaunti. Kwa ile ya pili walitoa vitu viwili: saa ambayo akaunti ilifunguliwa na mara ya mwisho ilipounganishwa na seva. Walitii kikamilifu, na karatasi ikatoka karibu tupu.

Tofauti ya hizi mbili haiko kwenye ujasiri wa mtu. Iko kwenye mchoro wa mfumo, uliochorwa muda mrefu kabla ya afisa kubisha hodi. Kwa hiyo kwa kampuni unayoitaja, ningeanzia hapa.

Ufunguo wa kufungua ujumbe uzaliwe kwenye simu na ubaki kwenye simu. Seva ipitishe bahasha iliyofungwa. Mpokeaji akishaipokea, ifutwe papo hapo. Asipoonekana, isikae zaidi ya siku 30. Kwenye njia tumia TLS 1.3, ambayo tangu 2018 iliondoa mtindo wa zamani ambapo ufunguo mmoja wa seva ungeweza kufungua mawasiliano yote yaliyorekodiwa nyuma. Lakini usijipe moyo kupita kiasi: aliye na ufunguo wa seva leo bado anaweza kujifanya ndiye seva kuanzia kesho.

Kisha metadata, yaani taarifa kuhusu ujumbe bila maneno yake, na hapa ndipo wengi huangukia. Nani alimwandikia nani, saa ngapi, akiwa kwenye anwani gani ya IP. Logi za IP, yaani kumbukumbu ambazo seva hujiandikia, zina kazi halali ya kuzuia mashambulizi, na kwa kazi hiyo siku 7 zinatosha sana. Zikikaa mwaka mzima zinageuka ramani ya maisha ya mtu.

Sasa pale mnapojidanganya. Mnafuta safu kwenye hifadhidata, lakini bakapu ya mwezi jana inayo. Mnazima logi za programu, lakini seva ya mbele inayogawa maombi ina logi zake na hakuna aliyezigusa tangu siku ya kwanza. Ripoti za programu kuanguka zinabeba anwani kamili za kurasa pamoja na tokeni, yaani namba za siri zinazomtambulisha mtumiaji. Maktaba za takwimu mlizoweka kwa ajili ya timu ya masoko zinapeleka kila bonyezo kwa kampuni nyingine, na amri ya mahakama inaweza kwenda kule bila nyinyi kujua. Anayewatumia wateja wenu msimbo wa uthibitisho kwa SMS naye ana namba na saa.

Kwa bakapu kuna dawa: simba data ya kila siku kwa ufunguo wake, hifadhi funguo mahali pa pekee pasipochukuliwa bakapu, na muda ukiisha futa ufunguo. Nakala zilizosambaa zinabaki makapi. Dawa hii huharibika kwa njia moja mara nyingi: mtu wa miundombinu anapiga picha ya diski nzima ya mashine, na funguo zimo ndani.

Kipimo ni rahisi. Fungua akaunti ya majaribio, itumie siku nzima, ifute, subiri muda mliouandika kwenye sera, kisha tafuta ile namba kwa grep (amri ya kutafuta maandishi) kwenye kila hifadhi, bakapu zikiwemo. Ikionekana mara moja tu, sera yenu si ya kweli.

sheria_na_mtandao

Nakubaliana na fundi, na naongeza onyo kwa sababu kuna wanaolielewa hili vibaya. Ufutaji lazima uwe wa kujiendesha na uwe umeanza kabla. Ukishapokea amri, kufuta kile kilichoombwa ni kosa la jinai karibu kila mahali. Marekani afisa anaweza kwanza kuleta barua ya kuhifadhi tu, bila hakimu: kampuni inatakiwa kuitunza data iliyopo kwa siku 90, na anaweza kuomba 90 nyingine. Ratiba iliyoandikwa na inayoendeshwa na mashine ndiyo inayowalinda.

Amri ikifika: iwe na mlango mmoja wa kupokelea, na mtu mmoja anayewajibika. Mhandisi wa zamu asijibu barua pepe ya polisi. Kwanza thibitisha kwamba imetoka inakodai kutoka, kwa kupiga namba uliyoitafuta mwenyewe, kamwe si iliyoandikwa kwenye barua. Hili si la kinadharia. Mwaka 2022 ilibainika kwamba wahalifu walikuwa wakitumia akaunti za barua pepe za polisi zilizodukuliwa kutuma maombi ya "dharura", na kampuni kubwa zilitoa data za watu kwa mtindo huo. Ombi la dharura halina sahihi ya hakimu, na linaharakisha. Ndiyo maana matapeli walilipenda.

Halafu soma ni chombo gani kimeletwa. Samansi, amri ya hakimu na hati ya upekuzi havina uzito mmoja, wala havifungui milango ileile. Angalia mamlaka ya kieneo, akaunti gani, kuanzia tarehe gani hadi gani. Ikisema "taarifa zote", andika kuomba ipunguzwe. Mara nyingi hupunguzwa, kwa kuwa mwombaji alinakili fomu ya zamani. Likiwemo katazo la kumwambia mtumiaji, uliza linaisha lini. Katazo la Signal lilikuwa la mwaka mmoja. Walipolipinga, sehemu kubwa ya nyaraka ikaruhusiwa kutangazwa.

Nisisahau metadata. Mwaka 1979, kesi ya Smith dhidi ya Maryland, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema namba ulizopiga hazina kinga ya Katiba kwa sababu umeshazikabidhi kwa kampuni ya simu. Hoja hiyo ilitawala miaka karibu 40. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, polisi walikuwa wamechukua siku 127 za mahali simu ilipokuwa, nukta 12,898, bila hati ya upekuzi. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema hati inahitajika. Msimbo pekee usingeleta ushindi huo kwa mamilioni ya watu ambao kampuni zao za simu zinahifadhi kila kitu.

upande_wa_pili

Mnazungumza kana kwamba kila amri ni dhuluma. Hati nyingi zinatafuta watekaji, matapeli na wanaodhulumu watoto. Kampuni ikijivunia kwamba haina cha kutoa, aliyetendewa uhalifu atakwenda wapi?

Na jambo la pili, wakuu: "hatuna" ni jibu linalodumu mpaka bunge liseme "mtakuwa nayo". Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi wanachama zilazimishe kampuni za mawasiliano kutunza metadata za watu wote kwa miezi 6 hadi 24. Aliyeangusha agizo hilo Aprili 2014 ni Mahakama ya Haki ya Umoja huo, wala si mhandisi. Uingereza ina sheria ya 2016 inayoruhusu serikali kuiamuru kampuni kwa siri ijenge uwezo wa kiufundi. Februari 2025 Apple iliacha kuwapa watumiaji wapya wa huko usimbaji wa juu wa hifadhi ya iCloud, baada ya habari kutoka kwamba imepewa amri ya namna hiyo. Mchoro wenu mzuri ulishindwa na karatasi.

fundi_seva

La pili nalikubali bila kinyongo. Mchoro unanunua muda na unailazimisha serikali idai hadharani kile ambacho ingekichukua kimyakimya, lakini haushindi bunge.

La kwanza nalipinga kwa sababu za kiufundi. Njia ya kuingilia inayoachwa kwa ajili ya polisi ni mlango wa uani, na mlango wa uani haujui mkono unaoufungua. Kuanzia 2004 hadi 2005 huko Ugiriki, simu za watu zaidi ya 100, waziri mkuu akiwemo, zilinaswa kupitia uwezo wa kunasa mawasiliano uliojengwa ndani ya mitambo ya Vodafone kwa ajili ya amri halali. Hakuna hakimu aliyetoa amri yoyote; waliingia wadukuzi na kukuta kazi imeshafanywa nusu. Marekani nayo ililazimisha mitambo ya aina hiyo kwa sheria ya 1994, na mwaka 2024 wadukuzi wanaohusishwa na China waliingia kwenye kampuni za simu na kunakili taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Desemba mwaka huohuo maafisa wa usalama wa mtandao wa Marekani waliwashauri wananchi watumie programu zenye usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ambapo ni mtumaji na mpokeaji pekee wanaoweza kusoma ujumbe.

Kuhusu aliyetendewa uhalifu: mpokeaji ana ujumbe ulio wazi kwenye simu yake. Jengeni kitufe cha kuripoti kinachotuma ujumbe huo pamoja na uthibitisho wa kihisabati kwamba haukubuniwa. Uchunguzi unaanzia kwa aliyeumizwa, kwa ridhaa yake, badala ya kuanzia kwenye lundo la barua za watu wasiohusika.

mhariri_wa_mifumo

Swali la utamaduni mmelipita mbio, na mimi naona ndilo kiini. Hakuna mtu anayekaa na kusema "tujenge ghala la upelelezi". Kinachotokea ni kwamba kuhifadhi hakuhitaji ruhusa ya yeyote, na kufuta kunahitaji vikao vitatu. Mwenye kutaka kuhifadhi huambiwa "itatufaa siku moja". Mwenye kutaka kufuta huulizwa athibitishe kwamba hakuna atakayeihitaji. Geuzeni mzigo huo: kila uga mpya wa data uwe na mmiliki, sababu na tarehe ya kufutwa, na usipokuwa navyo mfumo unaounganisha programu ukatae kuikamilisha. Iwe kanuni ya mashine, maana kanuni iliyoandikwa tu kwenye ukurasa wa ndani wa kampuni haisomwi.

Angalieni kampuni moja, Google, kwa njia mbili. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi walisaini barua kupinga Maven, mradi wa jeshi la Marekani wa kuchambua picha za droni kwa akili bandia. Kampuni ikatangaza haitaongeza mkataba, ikaandika kanuni za akili bandia zenye ahadi ya kutotengeneza silaha. Februari 2025 ahadi hiyo iliondolewa. Ilitosha kuhariri ukurasa. Desemba 2023 kampuni ileile ilitangaza kwamba historia ya mahali ulipokuwa itatunzwa kwenye simu yako badala ya seva zake. Kabla ya hapo polisi walikuwa wakileta hati zinazouliza "nani wote walikuwa eneo hili saa hii", wasiohusika wakiwemo. Kuirudisha data hiyo kwenye seva ni kazi ya uhandisi ya miezi, na wengi watajua. Wafanyakazi wanaotaka kuacha alama wapiganie mabadiliko ya aina hii ya pili.

Mdadisi_Data

Nashukuru, ndugu zangu. Mawili madogo yamebaki. Je, kuhifadhi hashi ya anwani ya IP (alama inayokokotolewa kutokana nayo) badala ya anwani yenyewe kunatosha? Na arifa zinazotokea kwenye kioo cha simu, si zinapitia kwa Apple na Google?

fundi_seva

Hashi ya kawaida haitoshi hata kidogo. Anwani zote za IPv4 ni 4,294,967,296, na kadi moja ya michoro hupiga hashi za SHA-256, aina inayotumika sana, mabilioni kwa sekunde. Anayezitaka atazirudisha zote kabla chai haijapoa. Namba za simu ni hivyohivyo. Tumia HMAC, yaani hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri, yenye ufunguo wa nasibu wa baiti 32, ukae kwenye kumbukumbu tu, ubadilishwe kila saa 24 na usiandikwe kwenye diski. Kwa siku hiyo utaweza kuhesabu maombi ya mshambuliaji mmoja. Kesho yake, maombi ya jana hayawezi tena kuunganishwa na mtu. Zima sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu, la sivyo ufunguo utaangukia huko. Mkiwa na seva kadhaa kutakuja kishawishi cha kuuweka ufunguo kwenye hifadhidata ili zigawane. Zigawane kwa njia iliyosimbwa, kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu.

Arifa ndiyo, zinapita kwao. Desemba 2023 seneta wa Marekani Ron Wyden alieleza hadharani kwamba serikali zinadai kumbukumbu hizo kutoka kampuni zote mbili. Usiweke jina la mtumaji wala maneno ya ujumbe ndani ya arifa. Kwenye Android tuma arifa tupu inayoiamsha programu, nayo ikachukue bahasha yenyewe. Kwenye iPhone arifa za kimya hubanwa na mfumo na nyingine hazifiki, kwa hiyo tuma yenye maneno ya jumla, "Una ujumbe mpya", halafu kijisehemu cha programu kilicho kwenye simu kisimbue na kubadilisha maandishi hapohapo. Kinachobaki kwao ni hasa tokeni ya kifaa (namba inayoonyesha arifa iende simu gani), jina la programu na saa. Tokeni ifute kwenye seva yako mara mtu anapotoka kwenye akaunti, na tokeni mpya iandikwe juu ya ya zamani, usitunze orodha ya zilizopita. Hapo ndipo hifadhidata nyingi zina safu za miaka mitano ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifagia.