Yule wa daftari la abiria pale Kibirizi, Kigoma, leo kapitiliza: ETI "HUYU ANDIKA MZIGO"

Mwana Gungu:
Wakuu sina hata salamu leo. Jina silitaji, kila anayepanda boti za kwenda vijiji vya kaskazini ziwani Tanganyika anamjua. Yule yule. Peni sikioni, sauti inavuka mpaka Kongo bila nauli.

Boti ya Mwamgongo inajaza, watu tumesimama kwenye maji ya magoti, nauli mkononi. Ananitazama toka kandambili mpaka kofia, anamgeukia kijana wake: "Huyu andika mzigo."

MZIGO! Mbele ya mama wakwe za watu!

Na anajua huna pa kwenda. Kule milima imeshuka mpaka majini, gari kufika ni shida, na nchi kavu katikati kuna Hifadhi ya Gombe, haikatizwi kienyeji. Ukinuniana na daftari, umenuniana na kijiji kizima.

Na nyie mnaowaambia wageni "njoo tu asubuhi", mwogopeni Mungu. Asubuhi boti ndiyo zinaleta wafanyabiashara mjini. Kurudi ni kuanzia saa sita, saa saba, saa nane huko, ikijaa. Ukikaa mbele kabisa kila wimbi linakunyanyua na kukubwaga mpaka uti wa mgongo unadai talaka. Ukikaa nyuma unakula moshi. Pa kukaa ni ubao wa katikati, upande wa kulia, ndiko nchi kavu iliko. Upepo wa mchana unatoka ziwani, wa kushoto ndio wanaooga. Begi litie kwenye mfuko wa nailoni na usiliweke chini, chini hapakosi maji hata boti iwe mpya.

Sasa sikilizeni. Abiria anapewa boya la kuvaa. Mzigo unapewa nini? TURUBAI. Nimefunikwa turubai na viroba vya sukari, watoto wa shule wananikalia! Andika mzigo!!

Kuhe Mkubwa:
Pole mkuu. Kabla hatujamhukumu mtu wa watu, una kilo ngapi?

Bi Mawese:
Ulilipia gunia la hamsini au la mia? 😂 Mbona kama umesafiri kwa bei poa, kaka.

Fundi Mashine:
Simtetei, mdomo wake tunaujua. Ila boti inapangwa kwa uzito. Magunia chini katikati, watu juu yake. Uzito ukienda nyuma, mbele kunanyanyuka, mashine inavuta kwa shida na petroli inaisha hata Gombe hamjafika.

Na mashine ikianza kukohoa msimpigie kelele nahodha. Mara nyingi ni kijana aliyechanganya oili kwa macho. Hizi mashine nyingi ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, basi. Oili ikizidi plagi inalowa na kushika masizi. Inafunguliwa, inafutwa, inakaushwa, inarudi. Hatari siyo plagi, ni zile dakika boti imelala ubavu kwa mawimbi na abiria wote wamesimama upande mmoja kuangalia fundi. KAENI CHINI.

Mashine ndogo nazo zina pini kwenye pangaboi. Imewekwa ikatike yenyewe likigusa jiwe, ili gia ipone. Vijana wanachomeka msumari mgumu, jiwe la pili linaondoka na gia.

Mwana Gungu:
Fundi, nani kauliza plagi? NIMEANDIKWA MZIGO!

Kuhe Mkubwa:
Mzigo umeanza kuongea, wakuu.

Mtu wa Kalya:
Nyie wa kaskazini mmedekezwa. Sisi wa chini ya milima ya Mahale enzi za Liemba, meli ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 na Waingereza wakaja kuiibua 1924, vijiji vingi gati hakuna. Meli inasimama mbali majini, usiku, boti zinaifuata, unashushwa gizani na godoro lako na kuku wa mtu usiyemjua. Ukikosea mguu chini yako kuna ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470. Hapo utajali umeandikwa nini?

Mnyamwezi wa Ipuli:
Mimi niko Tabora, boti siijui. Malalamiko yangu ni moja: watu wa Kigoma mnatuuzia dagaa au mnatuuzia ufukwe? Sufuria nzima inalia kra kra.

Bi Mawese:
Huyo umemnunua wa kuanikwa chini. Dada, tafuta wa chanja, anapigwa hewa juu na chini, jua likiwa kali siku moja kakauka. Wa chini mvua ikimkuta ndiyo basi tena. Na epuka kununua mwezi ukiwa mpevu. Taa hazivuti dagaa, wapya wanaadimika, wauzaji wanachanganya na wa zamani.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Nitamjuaje wa zamani?

Bi Mawese:
Vunja mmoja. Akikatika kwa mlio na ubavu unang'aa kama fedha, chukua. Akipinda hajakauka, ukimfunga kwenye gunia anaota ukungu. Kuosha: maji ya vuguvugu, beseni pana, wachote kwa mikono kutoka juu. Usimwage beseni! Mchanga uko chini, ukimwaga unaurudisha wote. Rudia mara tatu.

Mwana Gungu:
Wakuu, uzi huu ulikuwa wa...

Mtu wa Kalya:
Kwa mawese lakini. Anayekaanga dagaa wa Kigoma kwa alizeti aandikiwe barua.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Karanga za kwetu zinaingia humo?

Bi Mawese:
Zinaingia vizuri tu. Zitie mwisho, moto mdogo, ukoroge bila kuacha, zinashika chini haraka. Chumvi onja kwanza.