Hilux Vigo 2.7 petroli: sailensa inapanda na kushuka, msimbo P0171

Tairi_Iringa
Wakuu, salaam. Gari ni Hilux Vigo petroli, injini 2TR-FE, niko Iringa. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inacheza kati ya 650 na 1,100 kwa dakika, na kwenye foleni inatetemeka mpaka inataka kuzima. Barabarani haina shida, nguvu ipo. Taa ya injini imewaka na skana inasoma P0171. Plagi na eakilina ni mpya. Ikiwa sailensa, trimu ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta ya injini inaongeza au kupunguza mafuta) ya muda mrefu ni +21, ya muda mfupi inacheza +3 hadi +6. Fundi anashauri nibadilishe sensa ya oksijeni, lakini bei yake si ya kubahatisha. Nianzie wapi?

Spana14
Mkuu, usinunue sensa bado. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, na kwa namba ulizoweka inaelekea inasema kweli.

Jumlisha trimu zako mbili: unapata kama +25. Kompyuta inaongeza mafuta robo zaidi ya hesabu yake ya kawaida, wakati gari zima likicheza ndani ya 10 juu au chini hakuna wa kulalamika. Sasa fanya jambo moja kabla ya kufungua chochote: injini ikiwa na moto, ishike kwenye 2,500 kwa dakika moja, soma trimu tena.

Zikishuka karibu na sifuri, una hewa inayopenya baada ya sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia. Injini ya 2.7 kwenye sailensa inavuta hewa kama gramu 3 tu kwa sekunde, kwa hiyo ufa unaopitisha gramu 0.7 unavuruga robo ya hesabu. Kwenye 2,500 injini inavuta gramu 10 na zaidi, ufa uleule unapotelea humo. Ndiyo maana barabarani unaona gari zima. Trimu zikibaki juu au zikapanda zaidi, achana na habari ya ufa: angalia presha ya mafuta, filta, na uchafu kwenye MAF.

Kwamba asubuhi inatulia pia inaeleweka. Injini ya baridi inamwagiwa mafuta mengi, na kompyuta inakuwa bado haijaanza kuisikiliza sensa.

BintiGereji
Naongezea namna ya kutafuta. Wengi wanakimbilia kupuliza dawa ya kabureta kila mahali. Inafanya kazi, ila ni kitu kinachoshika moto upesi juu ya injini ya moto: ikidondokea ekzosi au ikakutana na waya wa plagi unaovuja cheche, umewasha moto kwenye boneti. Anza na plaizi.

Funga kitambaa kwenye meno ya plaizi ili usikate mpira, acha injini kwenye sailensa, skana ikiwa wazi kwenye trimu ya muda mfupi. Bana hosi moja moja pale inapoingia kwenye menifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda): ya busta ya breki, ya PCV (valvu inayonyonya mvuke wa oili kutoka ndani ya injini), ya valvu ya mvuke wa tanki, na vile vipira vyembamba. Subiri sekunde kumi kila mmoja. Ukibana ule wenye tatizo, trimu itaporomoka na injini itatulia mkononi mwako.

Busta ina kipimo chake pia. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Lazima izame kidogo. Isipozama, au ukisikia mlio wa hewa miguuni kila ukikanyaga, kiwambo cha ndani kimechanika.

Usisahau ule mpira mkubwa wenye mikunjo kati ya MAF na throtoli. Ukiutazama hivihivi unaonekana mzima. Upinde kwa mkono ndipo nyufa zifunguke kwenye mabonde ya mikunjo.

Tairi_Iringa
Asanteni sana. Kwenye 2,500 jumla ya trimu imeshuka hadi +6. Hosi ya busta nimebana, hakuna badiliko. Ya PCV nikiibana, trimu ya muda mfupi inaporomoka hadi karibu -15 na injini inatulia tuli. Lakini hosi yenyewe naiona nzima. Ni valvu?

Spana14
Hapo ndipo watu hupotea, twende taratibu. Hewa ya PCV inatoka kwenye krenki, yaani chumba cha chini cha injini chenye oili, na krenki inapewa hewa na mpira unaotoka baada ya MAF. Kwa hiyo hewa halali ya PCV imeshapimwa, na kuibana kusingeshusha trimu kiasi hicho. Yamebaki mawili: hosi ina ufa mahali usipopaona, au krenki yenyewe inavuta hewa ya nje kupitia kifuniko cha oili, oringi ya dipstiki, gasketi ya kava ya valvu au sili.

Kuyatofautisha ni rahisi. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha oili. Ikiyumba na kutaka kuzima, krenki ilikuwa haivuji hewa, rudi kwenye hosi. Isipojali kabisa, krenki ilishakuwa wazi tangu mwanzo.

Valvu nayo ichomoe uitikise, iwe inalia ndani. Puliza upande wa injini, hewa ipite kirahisi. Puliza upande wa menifodi, ipite kwa shida sana.

Tairi_Iringa
Nimefungua kifuniko, injini imeyumba vibaya. Valvu inalia na inapitisha upande mmoja. Hosi nimeitoa: kwa chini, kwenye kona, kuna ufa wa kama sentimita mbili. Mpira ni mgumu kama plastiki.

Kipimo_Vakyumu
Basi umemkamata. Mvuke wa oili na joto hukausha mpira huo, na huanzia upande wa chini wa kona ambako jicho halifiki.

Nunua hosi iliyofinyangwa kona yake. Ya kunyooka ukiikunja kwa nguvu itajibana katikati na PCV itaziba, kisha oili ianze kutokea kwenye sili. Iwe ya kustahimili oili na mafuta. Hosi ya silikoni inavutia macho, lakini mvuke wa oili unaipenya taratibu na kuilainisha. Ile ya maji ya waipa usiitumie kabisa. Gundi na utepe havidumu hapo.

Ukiwa na geji ya vakyumu, kumbuka mko juu. Vitabu vinasema inchi 17 hadi 22 za zebaki, ila hiyo ni usawa wa bahari. Inapungua kama inchi 1 kila mita 300. Kwa mwinuko wa Iringa, wa mita 1,500 na ushee, sindano ikitulia kwenye 13 au 15 injini ni nzima. Kuna waliofungua menifodi bure kwa kufuata namba ya Dar es Salaam.

Ukishafunga, futa msimbo kwa skana, au chomoa waya hasi wa betri kwa dakika chache ili trimu ya zamani isiendelee kumwaga mafuta. Washa, acha ipate moto bila AC, kisha endesha kama nusu saa ukichanganya mwendo. Jumla ya trimu ikibaki juu ya +10 kwenye sailensa peke yake, rudia kubana hosi zilizobaki, halafu nyunyizia maji kwa chupa kuzunguka oringi za nozeli na mstari wa gasketi ya menifodi. Maji yanaziba ufa kwa sekunde chache na mlio unabadilika, bila hatari ya moto.