Nilisema "samahani" mbele ya kamati ya nidhamu, wakaandika nimekiri kosa

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nyumbani Isevya, Tabora, wakati wenzangu wapo chuo wanajiandaa na UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Chuo sikitaji na mkoa kilipo sitaji, rufaa bado sijapeleka na sitaki niongezewe kosa la kuchafua jina la taasisi. Nimesimamishwa masomo mwaka mzima na nikiendelea kukaa kimya ntapasuka.

Kisa ni jiko la koili. Kupika chumbani hosteli hairuhusiwi, najua, nilisaini fomu tangu mwaka wa kwanza. Usiku mmoja kwenye saa nne soketi ya chumba chetu ikaungua, blok nzima giza, wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, akaja na tochi akakuta jiko chini ya kitanda changu. Lile jiko ni la jamaa tuliyekuwa tunambeba mle chumbani, yaani analala kwetu bila kupangiwa chumba, na kumbeba mtu nako ni kosa, wangeniuliza hilo ningekubali palepale bila kujiumauma. Hawakuuliza. Mimi muda huo nilikuwa kwenye diskasheni, nimerudi saa sita kasoro, daftari la mlinzi getini lina saa na saini yangu, na blok lilishakuwa giza zamani.

Sasa sikilizeni utaratibu ulivyokwenda. Alhamisi saa kumi na nusu jioni napewa barua, imeandikwa "wito wa mahojiano", Ijumaa saa tatu asubuhi nifike ofisi fulani. Haisemi natuhumiwa nini, haisemi kifungu gani, haisemi naweza kuja na shahidi. Tarehe ya juu ya barua ni ya siku sita nyuma, yaani mtu akisoma faili anaona nilipewa wiki nzima ya kujiandaa!! Kwenye daftari la kupokelea barua nilitaka kuandika tarehe na saa mbele ya saini yangu, karani akanambia "weka saini tu mdogo wangu, usiniharibie safu." Nikaweka. Ujinga wangu wa kwanza huo.

Nikaenda nikijua naenda kuhojiwa. Naingia nakuta watu sita, kila mmoja na chupa yake ya maji, mwenyekiti katikati, na pembeni yake anayeandika mihtasari ni nani? Wadeni! Aliyekamata jiko, aliyeandika ripoti, ndiye katibu wa kikao na ndiye shahidi pekee, afu mimi nilipotolewa nje yeye akabaki ndani wanajadili. Hata kwenye baraza la ukoo mwenye kesi anatoka nje. Mwakilishi wa serikali ya wanafunzi alikuwepo, muda wote anazungusha kifuniko cha chupa, hata jicho hakuniinulia, na kura yangu alikula.

Nikawaamkia shikamooni, wawili wakaitikia. Mwenyekiti akaanza, "Unaona usumbufu huu? Wenzako wamelala giza siku mbili." Sasa mimi nimelelewa Isevya na mama wa Kinyamwezi, mtu mzima akikasirika mbele yako unaanza kwanza kumtuliza, habari ya nani kakosa inakuja baadaye. Nikasema "Samahanini sana wazee wangu kwa usumbufu uliotokea." ULIOTOKEA. Sijasema niliousababisha. Nikaendelea kwamba jiko si langu na naomba mlete daftari la getini. Jibu nililopewa: "Kijana, hii si mahakama." Nikatoka, naangalia simu mlangoni, saa tatu na dakika ishirini.

Barua ya maamuzi ina mistari minne. "Mtuhumiwa alikiri kosa na kuomba msamaha." Daftari halijatajwa popote. Adabu yangu ndo imekuwa ushahidi, ningekuwa mjeuri nikaingia bila hata salamu nadhani wangehangaika kutafuta ushahidi wa kweli!

Hiyo ya "si mahakama" ndo inaniumiza zaidi, maana rafiki yangu anayesoma sheria amenifungulia Katiba ya 1977 ibara ya 13(6)(a), inataja Mahakama "au chombo kinginecho" kinachoamua haki za mtu, kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kamati inayomtoa mtu darasani mwaka mzima kama si chombo basi ni nini, sufuria? Kaniambia pia Marekani mwaka 1975 Mahakama yao ya Juu, kesi ya Goss na Lopez, ilisema hata mwanafunzi wa sekondari ya serikali anayesimamishwa siku 10 tu lazima aambiwe anatuhumiwa nini, akikataa aelezwe ushahidi uliopo, afu apewe nafasi ya kusema upande wake. Siku kumi! Mimi ni mwaka.

Najua watakuja wa "lisemwalo lipo." Sawa, tuseme jiko ni langu. Bado wangeniambia kosa mapema, wangeleta daftari, na wadeni angekaa kiti cha shahidi. Wakinitia hatiani kwa njia hiyo nafunga begi bila kelele.

Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limeingia juzi, wenzangu wamesaini, mimi nipo nasaidia mama kupanga maembe mafungu mafungu. Jirani kaniuliza "mbona mapema, chuo mmefunga?" baba akawahi, "eeh, wamefunga." Baba yangu huwa hadanganyi.

Rufaa wamenipa siku 14, leo ya tisa. Yule rafiki anasema rufaa ikigonga mwamba naweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi, kanda ipo hapahapa Tabora na maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita, ila wakili ni hela na hela yenyewe ndo hayo maembe.

Kwa mliopitia haya: naruhusiwa kudai nakala ya mihtasari kabla sijaandika rufaa, au wataninyima? Na lile daftari la getini nalipataje bila kupitia kwa wadeni? Jana usiku nimeanza barua, mstari wa kwanza nimejikuta nimeandika "Samahani kwa usumbufu", nikachana karatasi. Zimebaki siku tano, mwenye uzoefu anijibu tafadhali.