Dawa ya homoni ya kupuliza puani imeadimika, tupeane uzoefu

Assalaam alaykum wapendwa. Mwanangu ana diabetis insipidasi, si ya sukari hii, ni ile mwili unakosa homoni ya kuzuia maji basi anakojoa usiku kucha na kiu haimwishi. Dawa yake desmopresini ya kupuliza puani. Nimezunguka Darajani mpaka Mwanakwerekwe kila famasi haipo haipo, kuna mmoja kanipa ya mafua ati zote si za puani!! Waliokwama kama mie mlifanyaje? Wa Pemba pia karibuni

Mpemba wa Wete: Pole dada. Mie nnayo tangu nilipopasuliwa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo inayotoa homoni hiyo. Huku Wete kuikuta dukani sahau, mie nikiagizia Dar iletwe na boti. Ilipokosekana na huko, daktari kanihamishia vidonge na ndio nipo navyo mpaka leo. Ila usijipigie hesabu mwenyewe, puani pyuu moja maikrogramu 10, kidonge cha kumeza kidogo kabisa ni maikrogramu 100, maana ikipita tumboni nyingi yapotea. Mie nilipoiona ile 100 nikasema huyu daktari anataka kuniua 😂

Wa Bububu: Vidonge kwangu vilisumbua mwanzo, nikimeza nimeshiba vinachelewa kushika, chooni siondoki. Na hiyo ya puani nayo ukiwa na mafua haiingii vizuri, kwahiyo msione moja ndo bora kuliko nyengine. Kwenye kuhifadhi someni karatasi ya ndani, nyengine zataka friji nyengine zataka tu zisizidi nyuzi 25, na joto la kwetu hili mnalijua

Nesi mstaafu: Mama, mtoto asinyimwe maji hata kidogo! Najua kwetu akikojoa kitandani bibi anasema mfungieni maji magharibi. Huyu dawa ikiwa haipo maji ndo yanamuweka hai, aachwe anywe kila akisikia kiu. Dawa ikirudi sasa ndo mgeuze, asilazimishwe kunywa, maana dawa inazuia maji mwilini na akizidisha maji, sodiamu (chumvi ya mwilini) inashuka kwenye damu, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, hata degedege. Mwaka 2020 kule Marekani kampuni ya Ferring waliziondoa sokoni dawa zao za puani za desmopresini sababu zilikutwa na nguvu kupita kiwango, hatari yake ndo hiyo hiyo. Kwahiyo za kuletewa na mtu kwenye begi hujui zilikaa wapi mie sizitaki. Ukiona amelegea, hajitambui vizuri, spitali hapohapo na uwaambie kabisa SI SUKARI, wasiishie kupima kidole

Mwenye uzi: Ahsanteni sana. Na la bibi ni kweli, bimkubwa wangu kaficha mpaka ndoo ya maji 🙈 nishamwambia. Kesho tunakwenda kwa daktari nimuulize vidonge na kipimo cha sodiamu. Skuli nao nitawaandikia barua maana mwalimu akimkatalia kwenda choo mara kwa mara. Mpemba, hivyo vidonge Dar wataka cheti au wauza tu?

Mpemba wa Wete: Cheti lazima, na mwambie daktari aandike jina la dawa lenyewe sio la kampuni, ndo utapata urahisi wa kupewa yoyote iliyopo. Njoo inbox nikupe famasi ninayochukulia