Binti wa miaka 14 ameanza kukwepa mazoezi ya kikapu: nimlazimishe au nimwache?

Swali_Moja_Tu:
Habari zenu wadau. Binti ana miaka 14, yuko kwenye kikapu tangu akiwa na 9. Mazoezi siku 4 kwa wiki, kila kipindi saa mbili, na mechi Jumamosi. Siku hizi ikifika saa ya kuondoka, mara tumbo, mara kichwa, mara kazi za shule. Baba yake hukaa pembeni ya uwanja akimpa maelekezo mechi nzima. Tulimwahidi simu mpya akifikisha pointi 10 kwenye mechi tatu; akachangamka wiki mbili, kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Naomba hatua za kufuata. "Ongea naye" nimeshaambiwa sana.

Kipenga_Mdomoni:
Dada, anza na mwili kabla hujagusa motisha. Kijana anayeumia mara nyingi hasemi, anakwepa. Muulize maumivu yako wapi na huja lini. Kama ni chini kidogo ya kifuniko cha goti, pana uvimbe mgumu, na huuma zaidi akiruka au akipanda ngazi, huenda ni Osgood-Schlatter: mifupa inarefuka haraka, msuli wa paja unavuta pale unapojishikiza kwenye muundi. Hupungua kwa kupunguza kuruka, si kwa kukaza meno. Mwoneshe daktari.

Hedhi ikikatika miezi 3 mfululizo, hilo pia ni la daktari. Mara nyingi mazoezi yanatumia nguvu kuliko chakula kinavyorudisha. Halafu mambo ambayo mabinti huona aibu kuyataja: sidiria ya michezo isiyoshika, bukta nyeupe siku za hedhi. Wengi huacha michezo kwa hayo na mzazi akadhani ni uvivu.

Saa zake si nyingi kupita kiasi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba saa za mchezo mmoja kwa wiki zisizidi umri wake. Ila hesabu usingizi: umri huo unahitaji saa 8 hadi 10.

Nje_ya_Mstari:
Hiyo simu ndiyo iliyoharibu, mkuu. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwachunguza watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Zawadi ya kuahidiwa hugeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua kikikosa mshahara mtu hugoma.

Kosa la pili ni pointi 10 zenyewe. Hazimo mikononi mwake: zinategemea dakika anazopewa, pasi za wenzake, na nani anamkaba. Anayezisaka huanza kutupia mpira pale alipotakiwa kutoa pasi, kocha anamweka benchi, wenzake wananuna. Umemnunulia ugomvi. Kama lazima pawe na lengo, achague mwenyewe kitu anachokimiliki: kurudi kukaba kila mpira unapopotea, au kuwania ribaundi, yaani mpira unaodunda baada ya kukosa kikapu, kila mara.

Deci na Ryan, waliochunguza motisha kwa miongo kadhaa, wanataja mahitaji matatu: kujiamulia, kujiona unaweza, na kuwa na watu wako. Pitia ratiba ya binti ujiulize lipi kati ya hayo limekatwa. Kwa uliyoandika, la kwanza limekatwa na baba, la pili na hizo pointi.

Swali_Moja_Tu:
Baba yake anasema akinyamaza binti atadhani hajali.

Kipenga_Mdomoni:
Asinyamaze, aache amri tu. Kocha anasema "toa", baba anasema "tupia", na binti ana nusu sekunde ya kuamua. Anachelewa, mpira unaporwa, kisha wote wawili wanamfokea. Baba ashangilie timu nzima, wala asimwite binti kwa jina mpira ukiwa unachezwa.

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo nzito zaidi, kwa sababu hana pa kukimbilia. Mechi isijadiliwe mpaka aianzishe yeye. Akiuliza "nilichezaje?", ajibiwe jambo moja, tena la juhudi: "ulirudi kukaba hata ulipochoka." Na sauti iwe ileile wakishinda au wakifungwa. Baba anayepiga soga siku ya ushindi na kununa siku ya kufungwa ameshasema kila kitu.

Mpinga_Kauli:
Nakubaliana nao, ila msimwache aache kesho. Kujiamulia si kutelekezwa. Uamuzi wa siku ya kufungwa au ya kugombana na kocha ni uamuzi wa hasira. Wekeni tarehe, tuseme wiki 4 mbele, na mpaka hapo aende siku 2 badala ya 4. Yeye ndiye amweleze kocha. Mzazi asimame kando bila kumsemea.

Ndani ya wiki hizo mtazame anafanya nini bila kusukumwa. Akichukua mpira mwenyewe siku isiyo na mazoezi, kikapu hakijamchosha, kuna kitu pembeni yake kinachomchosha. Asipougusa kabisa lakini akawa anacheka na wenzake, anachokipenda ni marafiki, na mchezo mwingine unaweza kumfaa. Akiwakwepa na wenzake, chunguza kama ananyanyaswa kwenye timu.

Tarehe ikifika na bado anataka kuacha, aache. Sharti moja: achague kitu kingine cha kuchangamsha mwili. WHO inashauri wastani wa dakika 60 kwa siku kwa umri huo, na kucheza dansi au kuendesha baiskeli kunahesabika. Na pesa mliyokwisha lipa msimtajie hata mara moja.

Swali_Moja_Tu:
Siku 2 tunaanza wiki hii. Na begi? Huwa nampangia mimi.

Nje_ya_Mstari:
Apange mwenyewe, chupa ya maji ikiwemo. Akisahau viatu, usimpelekee.