Haki za kikatiba kwa watoto wa darasa la sita: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum. Ninaendesha kikundi cha kusoma cha watoto wa darasa la tano na la sita, pamoja na wachache wa kidato cha kwanza, ambao hukutana Jumamosi baada ya kutoka chuoni. Tumemaliza vitabu vya hadithi tulivyokuwa navyo, na wazazi wameniomba tusome juu ya katiba na haki za raia. Nilipoifungua Sura ya Tatu ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 na kuwasomea, nilijisikia kama ninasoma tangazo la zabuni. Hata wale wasomaji wazuri walianza kuchorachora kwenye madaftari.

Jambo jengine linalonitia wasiwasi ni kuwa hapa kwetu ikitajwa katiba, watu wazima wengi husikia vyama, kura ya maoni ya 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa, nami sitaki mzazi yeyote adhani kuwa mtoto wake anafundishwa siasa za upande fulani. Naomba ushauri kwa waliowahi kulifundisha somo hili kwa umri huu.

Mkaguzi Mstaafu, Chake Chake

Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Orodha ya vifungu iache kwanza, uanze na haki moja ambayo kila mtoto ameshaionja utamu au uchungu wake, nayo ni haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa.

Wape kesi. Kioo cha dirisha la ofisi ya skuli kimevunjwa na mpira wakati wa mapumziko, na wanafunzi wawili wanamtaja mwenzao ambaye kila mtu anajua kuwa ni mtundu. Mzunguko wa kwanza, baraza la watoto watano litoe hukumu bila ya mtuhumiwa kusema neno. Nakuhakikishia watamtia hatiani kwa dakika chache, na baadhi yao watataja idadi ya bakora bila ya kuulizwa. Mzunguko wa pili aitwe aseme, na katika karatasi yake uwe umemwandikia kwamba wakati huo alikuwa bombani akimjazia ndoo mwalimu wa zamu. Hapo waulize mashahidi walikuwa wamesimama wapi, na walimwona akiupiga mpira au walimkisia kwa sababu ya utundu wake.

Wakishabishana vya kutosha, ndipo uwafungulie kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar, na ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, inayoeleza haki ya kusikilizwa kikamilifu na kutohesabiwa mkosa mpaka kosa lithibitike. Watayasoma maneno hayo kwa hamu kwa kuwa wameshayahitaji. Chama hakimo katika kioo kilichovunjika.

Mama wa Mkoani

Mwalimu, mimi ni mzazi, na naomba nisieleweke vibaya, kwa kuwa ninataka wanangu wazijue haki zao. Hofu yangu ni ya nyumbani. Mtoto akishaambiwa kuwa ana uhuru wa kutoa maoni, kesho nikimtuma dukani ataniambia kuwa maoni yake ni kutokwenda. Somo hilo lina upande wa adabu, au adabu tumeachiwa sisi wazazi peke yetu?

Wakili, Mjini Unguja

Bi Mkubwa, swali lako ni la msingi, na jibu lake limo katika sheria zenyewe. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unampa mtoto uhuru wa kujieleza katika ibara ya 7, na katika ibara ya 31 unamtwika wajibu, ukiwemo wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa zake. Katiba ya Muungano nayo, baada ya haki, inataja wajibu kuanzia ibara ya 25. Ningependa watoto wazisome sehemu zote mbili katika kikao kimoja, kwani anayesomeshwa haki tupu, na anayesomeshwa wajibu mtupu, wote wawili wamepewa nusu ya maandishi.

Kwako Mwalimu: usiwafiche watoto kuwa Mzanzibari anaishi chini ya katiba mbili, na kwamba katiba hizo zina historia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilikaa bila ya katiba yake kamili hadi 1979. Katika Katiba ya Muungano, sura ya haki za binadamu iliingizwa 1984, lakini haikuweza kutumika mahkamani mpaka Machi 1988. Watoto hushangaa wanapoambiwa kuwa haki inaweza kuandikwa leo na ikangoja miaka kabla ya mtu kuweza kuidai, na mshangao huo unafaa kukaliwa kwa kipindi kizima: ikiwa huwezi kumshtaki anayekunyima, una nini mkononi?

Kisha uwaonyeshe mtu aliyedai. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua shauri katika Mahkama Kuu ya Tanzania kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18, akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahkama ya Rufani ikaikataa. Waeleze wazi kuwa Sheria hiyo ya Ndoa haitumiki Zanzibar, wasije wakaondoka na habari isiyo sahihi. Kwa huku kwetu sheria ya kuwasomea ni Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011.

Mkutubi, Unguja

Ninaongeza kesi moja ya nje kwa sababu wenye kesi ni watoto. Disemba 1965, katika mji wa Des Moines nchini Marekani, Mary Beth Tinker, msichana wa miaka 13, alivaa kitambaa cheusi mkononi skuli kuonyesha huzuni yake juu ya vita vya Vietnam, ilhali uongozi ulikuwa umeshapiga marufuku. Yeye na wenzake kadhaa wakasimamishwa masomo. Februari 1969 Mahkama ya Juu ya Marekani ikawapa haki kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwa kuwa vitambaa vile havikuvuruga masomo.

Hukumu hiyo haina nguvu hapa, na isisomwe kana kwamba inayo. Faida yake ni mjadala, khasa kwa swali la Bi Mkubwa wa Mkoani: msichana alikaa kimya darasani na hakumtukana mtu, lakini marufuku aliivunja. Waache watoto wagawanyike.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru nyote. Jumamosi ijayo nitaanza na kesi ya kioo, na Mama wa Mkoani namkaribisha aje aketi nasi siku ya kusoma ibara ya 31. Wakili, ningeomba utuandikie kwa lugha nyepesi, ukurasa mmoja tu, namna mtu anavyofikisha dai lake Mahkama Kuu haki yake inapovunjwa, kwa sababu najua swali litakalofuata litakuwa hilo.