Nakala au halisi: kaburi la Tutankhamun lifungiwe wageni?

Kobe: Wakuu salaam. Pango la Lascaux kule Ufaransa lilifunguliwa kwa umma 1948, likafungwa 1963, kwa sababu pumzi za wageni zilianza kuotesha mwani kwenye ile michoro ya kale ya mafahali na farasi. Tangu 1983 mtalii anaonyeshwa nakala, na dunia haijaisha. Nasema kaburi la Tutankhamun, yule farao wa Misri, nalo lifuate. Nakala yake ipo Luxor tangu 2014, jirani na nyumba aliyokuwa akiishi Howard Carter, aliyeligundua kaburi. Wanaong'ang'ania "halisi" wengi wao hata hawaangalii. Ni walewale wanaopanga foleni kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, kujipiga selfi na mchoro wa Mona Lisa. Mnasemaje?

Tumbiri: Ulianza vizuri, ukaharibu mwishoni. Mimi nimejipiga selfi na Mona Lisa, tena si moja. Nimekukosea nini?

Kobe: Mimi hujanikosea, mkuu. Waulize waliokuwa nyuma yako.

Shangazi Ramani: Wanangu, selfi ziacheni. Lascaux sina ubishi, siku za pilikapilika walikuwa wakiingia watu zaidi ya elfu moja, wote wanapumua kwenye tundu lisilo na dirisha. Hapo hata mwamba unachoka. Lakini kwa Tutankhamun Kobe umerukia. Lile kaburi ni dogo, unashuka ngazi, unapita ujia, na chumba chenye michoro ni kimoja tu. Ukuta mmoja una nyani kumi na wawili wamekaa kwa safu, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Na mwenyewe yumo humohumo, kwenye kasha la kioo. Nakala ina nyani, ila mwenye nyumba hayumo.

Jongoo: Shangazi, na yale madoa ya kahawia ukutani? Nilisoma mahali kwamba yameletwa na jasho la watalii. Fungeni tu.

Shangazi Ramani: Ulisoma nusu. Wataalamu wa taasisi ya Getty ya Marekani, waliohifadhi lile kaburi, waliyalinganisha na picha zilizopigwa miaka ya 1920, kaburi lilipokuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, wakakuta hayajaongezeka. Vijidudu vilivyoyaleta vilishakufa zamani. Wageni wanaleta vumbi, joto na unyevu, ndiyo maana waliweka mfumo mpya wa hewa. Kazi yao ilikamilika 2019.

Jongoo: Sawa, "nusu". Asante kwa heshima.

Tumbiri: Narudi kwa Kobe, bado hajanijibu. Ile picha ina sentimita 77 kwa 53. Iko nyuma ya kioo, mbele kuna kizuizi, mbele ya kizuizi kuna vichwa vya watu. Ulitaka niangalie nini, nyusi? Hata hizo haonekani kuwa nazo! Nikanyanyua simu juu ya vichwa, basi. Nyumbani ndiyo nimeitazama vizuri, kwenye simu.

Kobe: Umekiri mwenyewe kwamba ulienda kutazama simu. Nakala ingekutosha.

Mkongojo: Vijana mnapigana kwenye chumba kile, lakini ukuta wa pili hamjautaja. Ukimpa mgongo Mona Lisa unakutana na Harusi ya Kana ya mchoraji Veronese, karibu mita 7 kwa 10, mchoro mkubwa kuliko yote Louvre. Jeshi la Napoleon liliuchukua Venice mwaka 1797, kwenye ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore. Mwaka 2007 ikawekwa nakala palepale ukutani, kwa kipimo kilekile. Waliotengeneza ni kampuni ya Factum Arte, haohao waliotengeneza nakala ya kaburi la Tutankhamun. Sasa niambieni, kipi ni halisi zaidi: turubai lenyewe likiwa ugenini, au nakala ikiwa mahali mchoraji alipopapimia, na mwanga wa madirisha yaleyale?

Tumbiri: Mzee wangu, kwa hiyo nami niko kwenye kundi la waliogeuza mgongo? Leo mmeniamulia.

Jongoo: Humu kila mtu ameshafika Paris isipokuwa mimi. Hongereni.

Mkongojo: Sijasema nani amegeuza mgongo. Nimeuliza swali.

Dada Kurunzi: Kinachoniudhi ni kufungia wengi na kufungulia wachache. Pango la michoro la Altamira kule Hispania walilitengenezea nakala 2001, pango lenyewe likafungwa 2002, halafu 2014 wakaja na bahati nasibu: watu watano kwa wiki, dakika 37, mavazi maalumu. Lascaux nayo imefungwa, lakini watafiti wanaingia.

Tumbiri: Ahaa! Kumbe tatizo si pumzi, ni pumzi za nani.

Kobe: Mtafiti anaingia kuangalia ukuta unaumwa nini. Wewe ungeingia na kile kijiti cha selfi.

Tumbiri: Sina kijiti. Nina mkono mrefu.

Dada Kurunzi: Kobe, usimkwepe. Nani aliamua kwamba mtu wa kawaida ni uchafu? Hao wakubwa wa serikali wakitembelea nchi huonyeshwa nakala?

Kobe: Hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wako.

Shangazi Ramani: Hapana, ndiyo mada yenyewe. Pango la Chauvet, nalo la Ufaransa, waliligundua 1994 na umma haujaingia hata siku moja, nakala ikafunguliwa 2015. Hapo hakuna anayelalamika kupokonywa. Kufunga kilichokwisha kuzoeleka ndiko kunakowasha.

Jongoo: Shangazi leo umesema kitu, japo ulinitukana.

Mgeni Njiani: Samahani, sijasoma kurasa zote. Naenda Luxor mwezi ujao. Tiketi ya Bonde la Wafalme inaniingiza na kwa Tutankhamun, au analipiwa peke yake?

Shangazi Ramani: Peke yake, mwanangu.

Kobe: Yaani.

Tumbiri: Mgeni, chaji simu.